Usitege kitendawili kimoja mara mbili

Mara ya kwanza kuandika msimbo wa kuthibitisha watumiaji kwa ufunguo wa siri, nilijiona fundi. Vifaa vyetu vidogo vilikuwa vikituma nywila nzima nzima kila vinapoingia kwenye seva, nikasema sasa basi. Seva itatega kitendawili, yaani itatuma namba. Kifaa kitategua kwa kuichanganya namba hiyo na ufunguo wake kupitia HMAC, hesabu ambayo asiye na ufunguo hawezi kupata jibu lake, kisha kitarudisha matokeo. Seva inao ufunguo uleule, kwa hiyo itapiga hesabu ileile na kulinganisha. Ufunguo wenyewe hausafiri.

Namba niliyoichagua ilikuwa saa, kwa sekunde.

Mwenzangu kazini, mtu wa maneno machache, akaomba abaki na kifaa kimoja jioni ile. Akajifanya seva, akakitegea namba ya kesho yake saa sita kamili mchana. Kifaa hakikuwa na njia ya kujua anayekiuliza ni nani, kikajibu kwa adabu. Jibu akaliweka kwenye faili. Kesho yake, saa sita ilipogonga, akalituma kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe na logi ya seva ikaandika kwamba kifaa kimeingia salama. Ufunguo hakuwahi kuuona.

Kwa hiyo kitendawili kisitabirike. Mimi sasa nachukua baiti 16 kutoka kwa kizalishi cha namba nasibu cha mfumo endeshi, si ile kazi ya kawaida ya lugha ya programu, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya michezo na majaribio. Seva inaikumbuka namba hiyo kwa sekunde 30, na inaifuta jibu la kwanza linapofika, liwe sahihi au la. Hilo la kufuta hata jibu likiwa baya wengi hulisahau.

Baadaye nikataka kifaa nacho kiihakikishe seva, kwa ufunguo uleule. Nikaangukia shimo la pili. Mdukuzi anapotegewa na seva, anafungua muunganisho mwingine na kuirudishia seva swali lake lenyewe. Seva inajibu, naye anachukua jibu hilo na kulipeleka kwenye muunganisho wa kwanza. Dawa yake ni ndogo: ndani ya kinachopigiwa hesabu, tia pia jina la upande unaojibu, ili jibu la seva lisifanane kamwe na la kifaa.

Usijitungie heshi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na ujumbe, kwa kuunganisha ufunguo na ujumbe kisha kuvipitisha kwenye SHA-256, kanuni ya kukokotoa heshi. Muundo huo unamruhusu mtu kurefusha ujumbe na kupata heshi halali bila kuujua ufunguo. HMAC imeelezwa katika hati ya kiufundi ya intaneti iitwayo RFC 2104 tangu 1997, na karibu kila lugha inayo tayari. Wakati wa kulinganisha, tumia kazi isiyokatisha kwenye herufi ya kwanza inayotofautiana, ili muda inaotumia usimdokeze mdukuzi amekaribia kiasi gani. Katika Python ni hmac.compare_digest.

Halafu kuna binadamu. Ufunguo ukitokana na nywila aliyoikariri mtu, aliyenasa swali na jibu lake anakwenda kukaa kwake na kubahatisha maneno mpaka hesabu zilingane, na seva haitajua lolote. Zaidi ya hapo, kwa njia hii seva hutunza siri yenyewe; aliyeiba hifadhidata ameiba funguo zote. Kwa watu, basi, naona heri jozi ya funguo, mmoja wa siri unaobaki kwa mtu na mmoja wa umma, kama SSH (ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) na WebAuthn (ya kuingia kwenye tovuti) zinavyofanya: seva hubaki na ufunguo wa umma tu, ambao mwizi hawezi kuingilia nao popote.

Vifaa vyangu vidogo nimeviacha na HMAC, juu ya TLS, itifaki inayosimba mawasiliano. Kila kimoja kina ufunguo wake wa baiti 32, na kikiibwa nafuta mstari mmoja kwenye hifadhidata, vingine vinaendelea na kazi.