Shahada ya Baiolojia na Milango ya Maabara

SWALI: Mshauri, shikamoo. Nilihitimu shahada ya kwanza ya sayansi katika zuolojia, yaani elimu ya wanyama, hapa Dar es Salaam, kwa ufaulu wa daraja la pili la juu. Tangu hapo nimepeleka maombi ya kazi katika maabara za hospitali, na kila ninapofika naambiwa sina sifa, ilhali vijana wenye stashahada wanaajiriwa mbele ya macho yangu. Baba mdogo ananihimiza nisome shahada ya uzamili sasa hivi, na shangazi anasema niingie ualimu. Nifuate ushauri wa nani? – Mhitimu, Kimara.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuzunguka. Hospitali hazijakuonea. Kijana wa stashahada unayemwona akiajiriwa amesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, ambalo kazi yake inaongozwa na sheria ya mwaka 2007, na shahada ya zuolojia, hata ingekuwa ya daraja la kwanza, haimpi mtu usajili huo. Vyuo vyetu vingelisema jambo hili wazi katika wiki ya kwanza ya masomo, wahitimu wengi wangeokoa nauli. Kwa hiyo acha kabisa kuomba kazi ya kupima wagonjwa, isipokuwa kama uko tayari kuanza upya na kusomea sayansi ya maabara za afya.

Penye wadudu ndipo zuolojia inapopata heshima yake, na mimi ningekuwa wewe ningeanzia hapo. Taasisi ya Afya Ifakara, yenye ofisi hapa jijini na maabara Bagamoyo, pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, hufanya utafiti wa malaria unaohitaji watu wanaowafahamu mbu kwa undani. Chukua mfano wa Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis: ukiwaweka chini ya darubini huwezi kuwatofautisha kwa macho, ingawa wa kwanza hupenda zaidi damu ya binadamu na wa pili hurukia ng'ombe bila taabu. Mtafiti msaidizi huwakusanya usiku kwa mitego, huwapanga asubuhi kwa makundi, kisha huchukua hata mguu mmoja tu wa mbu na kuupima vinasaba ili ajue yupi ni yupi. Matokeo hayo ndiyo yanayoonyesha kama vyandarua vinatosha au mbu wanauma nje watu wakiwa bado barazani. Kazi ya namna hii huwa ya mkataba, ina usiku mwingi wa kukesha vijijini, na haimfai mtu anayetaka kiti cha ofisini tu.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na baba yako mdogo. Shahada ya uzamili ni jambo jema, lakini ukiisoma kwa fedha za familia kabla ya kujua unataka kubobea katika nini, utatoka na cheti cha pili na swali lile lile. Miradi ya utafiti mara nyingine huwasomesha wasaidizi wake waliojituma, nao huingia darasani wakiwa na takwimu zao tayari.

Ukiona maisha ya kijijini hayakufai, angalia udhibiti wa ubora viwandani: maji ya chupa, maziwa, juisi, samaki wa kusafirishwa nje. Tangu 2019 usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo, na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba; bado kuna wahitimu wanaopeleka barua za chakula kwenye dawa. Katika maabara ya kiwanda utachuja mililita 100 za maji, utakiweka kichujio kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, utaiacha katika joto maalumu hadi kesho yake, kisha utahesabu madoa ya bakteria yaliyoota. Kwa maji ya kunywa, E. koli, bakteria wa kinyesi, haitakiwi kuonekana hata moja. Msaili mzoefu hukutambua kwa namna unavyofunua kifuniko cha sahani karibu na moto, kabla hajasoma wasifu wako, kwa hiyo kama mikono imesahau, tafuta mafunzo tarajali kwanza. Serikali, kupitia huduma zake za ajira, ina mpango wa namna hiyo kwa wahitimu. Wanaokuomba ujitolee bila hata nauli, bila barua na bila tarehe ya mwisho, waage kwa adabu.

Shangazi naye hakukosea. Stashahada ya uzamili ya ualimu huchukua mwaka mmoja, Chuo Kikuu Huria huitoa, na walimu wa sayansi bado wanatafutwa. Ila usiingie darasani kwa hasira ya kukosa maabara, kwa maana wanafunzi huigundua upesi.

SWALI: Binti yangu amefaulu mchepuo wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) na anataka kusomea sayansi ya viumbe wa majini. Mama yake anataka asomee famasia. Nimkataze? – Mzazi, Temeke.

JIBU: Usimkataze, ndugu yangu, lakini mwambie akaone kazi yenyewe kabla ya kujaza fomu. Aende soko la samaki la Feri alfajiri aone samaki wanavyoshushwa, kisha aombe kutembelea Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, Kunduchi, awaulize watafiti vijana waliajiriwaje na wanalipwa na nani, serikali au mradi. Zanzibar, ambako kuna wizara nzima ya uchumi wa buluu na uvuvi, asiisahau. Akirudi na hamu ile ile, mzungumze naye tena mkiwa watatu, na mama yake awepo.