Picha za Bibi ukutani

SWALI: Nakwenda likizo Pangani kwa bibi. Ana picha kama arobaini za ukoo, nyingi zimo kwenye albamu yenye kurasa za gundi, na ile ya harusi yake imegandia kioo cha fremu. Hataki hata moja itoke nyumbani, nami nina simu tu. Nizinakilije? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Bibi ana haki, zibaki kwake. Simu inatosha.

Ya harusi usiibandue. Uso wa picha ya karatasi ni utando wa jelatini. Unyevu wa pwani huulainisha, nao ukigusana na kioo miaka mingi hushika kama gundi. Ukivuta, sura za watu zitabaki kwenye kioo. Ipige hivyohivyo: futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha weka kati ya simu na picha kitambaa cheusi ulichokitoboa tundu la lenzi, ili wewe na dari msionekane kwenye kioo.

Za albamu, inua plastiki ya juu taratibu, kisha pitisha mshipi mwembamba wa kuvulia chini ya picha, ukiuvuta huku na huku kama msumeno. Ikikataa, acha, uipige ikiwa kwenye ukurasa wake. Kamwe usipashe moto.

Meza iwe kando ya dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Zima taa za ndani, maana rangi yake na ya mchana hazipatani, na flashi isiwake kabisa. Simamisha karatasi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga kivulini. Picha zenye uso wa vipele hung'aa nukta nukta. Zungusha picha mezani mpaka nukta zipotee.

Kosa linaloharibu kazi ya wengi ni simu kuinama, picha ikatoka pana upande mmoja. Dawa yake ni rahisi: laza kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa picha. Lenzi ikionekana katikati kabisa ya skrini, simu iko sambamba na meza. Iegemeze juu ya vitabu, usiishike mkononi. Usisogee karibu mno, kwa sababu lenzi pana hupinda kingo; kaa kama sentimita 40 juu, na kama simu ina lenzi ya pili ya kuvuta karibu, itumie. Bonyeza skrini kwa muda mpaka fokasi na mwanga vifungwe, halafu weka saa ya kamera ya sekunde 2, simu ijipige yenyewe. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 huchapika vizuri hadi sentimita 34 kwa 25.

Piga na mgongo wa kila picha. Muhuri wa studio ni ushahidi: ukikuta wa Capital Art ya Unguja, iliyofunguliwa 1930, picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Muhuri unaosema Tanganyika huelekea kabla ya 1964, ingawa mihuri mingine iliendelea kutumika baada ya hapo.

Jambo ambalo kamera haiwezi kulifanya ni majina, nasi tungekusihi ulitangulize. Washa kinasa sauti, taja namba ya picha, kisha mwache bibi aseme. Usimwulize tu "huyu nani?" Mwulize nyumba ilikuwa wapi, kanga ile ilitoka kwa nani, nani alikuwapo ila hakutokea pichani. Andika majina mgongoni kwa penseli ya 2B bila kukandamiza, wino hupenya. Migongo ya plastiki haishiki penseli, hivyo andika kwenye bahasha ya karatasi. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama faili, la sivyo picha itabanwa.

SWALI: Picha yetu ya rangi ya 1978 imegeuka nyekundu japo ilikuwa kabatini. Inarudi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Karatasi nyingi za wakati huo hupoteza kwanza rangi ya samawati, hata gizani, na wekundu ndio unaobaki. Iliyopotea kwenye karatasi hairudi. Kwenye nakala, punguza wekundu polepole ukitazama kitu kilichokuwa cheupe, kama kanzu, wala si ngozi. Ila kwanza tafuta negativu, yaani filamu yenye rangi zilizogeuzwa ambayo picha ilichapwa kutoka kwake, kwenye bahasha za studio. Huenda imehifadhi rangi zaidi. Ishike kingoni tu, iweke juu ya simu nyingine yenye skrini nyeupe, ukiinyanyua sentimita chache ili vitone vya skrini visionekane, uipige, kisha uigeuze rangi kwa programu ya kuhariri.