Anasoma Kiswahili vizuri, Kiingereza kinamkwamisha

Mama unayeuliza kwa nini mwanao wa darasa la pili anasoma Kiswahili ila anakwama kwenye Kiingereza, mtoto si mzito wa kuelewa. Kiswahili kina irabu 5 na kila moja hutamkwa vilevile siku zote. Akishashika ba-be-bi-bo-bu, anasoma hata neno asilolijua. Kiingereza hakiko hivyo: “though”, “through” na “cough” zinafanana kwa macho, mdomoni ni mbalimbali. Hata watoto wa Uingereza huchukua muda mrefu kukizoea.

Mwanangu nilimsomea kitabu kilekile kifupi cha Kiingereza kila usiku, kidole chini ya neno. Usimwachishe Kiswahili, ndicho kilichomfundisha kuunganisha herufi na sauti.

Ila akianza kukwama hata kwenye silabi za Kiswahili, mpeleke akapimwe macho na masikio, kisha umwone mwalimu wa elimu maalumu.