Kuhusu tani zilizopungua kwenye hati ya malipo ya miwa

Salaam, ndugu mkulima. Umeeleza kuwa ulikadiria kupata tani 40 kutoka shamba lako la Nyando, lakini hati ya malipo imeonyesha 33, na sasa unaishuku mizani.

Kabla ya kuilaumu mizani, hesabu siku ambazo miwa ililala shambani baada ya kukatwa. Mwaka juzi miwa yangu ililala siku 5 ikingoja trekta, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara. Nilipoinua fungu moja, sehemu zilizokatwa zilikuwa zimegeuka nyekundu na kunuka chachu, na wepesi wake niliuhisi mkononi. Muwa uliokatwa huendelea kupoteza maji na sukari, ndiyo maana hushauriwa usagwe ndani ya saa 24 hadi 48.

Kisha kusanya tiketi za mizani, moja kwa kila trela, utoe uzito wa trela tupu kutoka uzito wa iliyojaa, ujumlishe mwenyewe. Kwa njia hiyo niligundua kwamba trela yangu moja iliandikwa kwa jina la jirani (ambaye, bila shaka, hakuwa amesema neno). Makato ya mbegu, mbolea, uvunaji na usafirishaji hupunguza fedha, si tani, kwa hiyo usiyachanganye na suala hili.

Kwa kuwa sijaziona tiketi zako, siwezi kusema kosa liko wapi. Zisipolingana na hati, peleka nakala kiwandani, ubaki na zile halisi. Usipojibiwa, iandikie Bodi ya Sukari ya Kenya, iliyorejeshwa na Sheria ya Sukari ya 2024.