Nyumba 60 kwa hekta: jirani ataruhusiwa kujenga nini?

SWALI: Mtaalamu, halmashauri yetu inajadili kuutoa mtaa wetu kwenye ukanda wa nyumba moja kwa kiwanja na kuufanya wa msongamano wa kati. Tangazo linataja nyumba 60 kwa hekta, ufunikaji wa kiwanja asilimia 50, uwiano wa sakafu na kiwanja 1.5, na maegesho mawili kwa kila nyumba. Madiwani wamegawanyika. Kiwanja cha jirani yangu ni mita za mraba 800. Ataweza kujenga nini?

JIBU: Tuzipige hesabu tarakimu hizo zote kwa pamoja, maana zikisomwa moja moja hupotosha hata waliozipendekeza.

Uwiano wa 1.5 unampa mita za mraba 1,200 za sakafu, ukijumlisha za chini na za juu. Ufunikaji wa asilimia 50 unamruhusu kukalia mita 400 za ardhi. Akizitumia zote atafikia sakafu tatu. Akijenga juu ya mita 200 tu, atakwenda sakafu sita bila kuvunja lolote kati ya masharti uliyoyataja. Anayeogopa ghorofa ndefu asipigane na uwiano. Aulize kikomo cha urefu kiko wapi. Kwenye maelezo yako sikioni.

Sasa zile nyumba 60, yaani makao ya kaya 60, fleti zikiwemo. Mita 800 ni asilimia 8 ya hekta, hivyo jirani anapata nyumba 4.8, ambazo kwa kawaida hushushwa kuwa 4. Nyumba nne ndani ya mita 1,200! Toa asilimia 20 ya ngazi na korido, kila moja inabaki na mita 240. Hizo ni fleti za matajiri. Jengo lilelile, lenye kivuli kilekile juu ya ua wako, lingebeba nyumba 12 za mita 80. Kwa hiyo kikomo hiki hakipunguzi ukubwa wa jengo hata kidogo, kinapunguza familia zitakazoishi humo. Kama halmashauri inasema inataka makazi ya bei nafuu, masharti yake yenyewe yanaipinga, na ningependa diwani mmoja asimame aliseme hilo.

Uliza pia ni hekta ipi. Ikiwa hesabu inajumuisha barabara, shule na maeneo ya wazi, na hivyo vikichukua asilimia 40 ya ardhi, basi nyumba 60 kwa hekta nzima ni nyumba 100 kwa hekta ya viwanja. Jirani yako anatoka nyumba 4 hadi 8. Nimeona mikutano ikichemka watu wakibishana juu ya tarakimu moja, kila upande na hekta yake kichwani.

Maegesho ndiyo yanayosahaulika, na mara nyingi ndiyo yanayoamua. Gari moja, pamoja na nafasi ya kugeuzia, huhitaji takriban mita za mraba 25. Nyumba 8 zenye maegesho mawili kila moja zinameza mita 400, yaani kila kipande kilichobaki nje ya jengo. Hakuna mti.

Mabadiliko yakipita, hakuna anayelazimishwa kujenga wala hati yako haiguswi. Auckland, New Zealand, iliruhusu msongamano zaidi kwenye karibu robo tatu ya ardhi yake ya makazi mwaka 2016. Vibali vya ujenzi viliongezeka sana miaka iliyofuata, ila mitaa haikubomolewa kwa mkupuo. Maji taka ni suala jingine: bomba hulemewa na jumla ya mtaa, si na jengo moja, kwa hiyo dai kuona tathmini ya uwezo wake na nani atalipia upanuzi.

Peleka maswali kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho ya maoni, uyataje masharti kwa namba za vifungu vyake. Na wakitaja urefu kwa mita, uliza unapimwa kuanzia usawa upi wa ardhi, hasa kama mtaa wenu una mteremko.