Kabla ya Godoro, Angalia Mwezi

Jumapili msomaji mmoja ameniandikia. Ana HiAce ya zamani, anataka kung'oa viti aweke kitanda, azunguke pwani na mkewe kama nilivyofanya mimi. Anauliza anunue godoro la unene gani. Ndugu yangu, inchi nne zinatosha.

Kwa kitanda sikukosea. Droo chini, neti, mtungi mdogo wa gesi, betri ya sola, mapazia kashona mke wangu. Hadi leo watu huomba kupiga nalo picha gari lile. Dar hadi Muheza ni lami na malori, hapana hadithi. Utamu ulianzia Pangani, tulipovuka mto kwa pantoni hadi Bweni, tukashika vumbi la Ushongo katikati ya minazi.

Tulifika magharibi, maji yanatoka. Mchanga mbichi ni mgumu, gari liliteleza kama liko barabarani, nikaegesha karibu kabisa na bahari. Kumbe ule ubichi ndio uliokuwa ukinisemesha! Mzee mmoja aliyekuwa akifuma wavu akaniambia, "Mwanangu, leo mwezi mpevu. Bamvua hilo, maji yatajaa sana." Nikamjibu "ahsante mzee", nikaendelea kuchoma pweza. Moyoni nilisema huyu anatafuta hela ya ulinzi. Hilo linaniuma kuliko gharama zote.

Saa tisa usiku mke wangu akaniamsha: mbona gari linatikisika? Nikashusha mguu, maji yakanifika gotini. Vijana wa mashua walitukokota kwa kamba hadi alfajiri, na aliyeshika kamba mbele ni yule yule mzee. Hakunikumbusha neno. Beringi, breki na altaneta vilikufa kimoja kimoja. Miezi miwili baadaye nyaya zikaota kutu ya kijani.

Basi sikiliza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Tafuta mstari wa mwani na vifuu, ulale upande wake wa nchi kavu, si wa bahari. Ukiingia mchanga mkavu, punguza upepo kwenye matairi. Na uulize wavuvi! Sisi wa mjini tukishakuwa na ramani kwenye simu tunaona kila mtu wa kijijini ana njaa ya mfuko wetu.

Ukimkuta yule mzee na wavu wake, anza na shikamoo. Mimi siku ile sikuitoa.