Ukitafuta shule ya chata, watazame kwanza walimu na wafanyakazi wake

Wazazi wenzangu hapa San Diego, California, huniuliza mara kwa mara wampeleke mtoto sekondari gani, kwa kuwa binti yangu amesoma shule ya chata na mambo yamemwendea vizuri. Jibu langu halibadiliki. Jengo liache, kompyuta ziache, jina nalo liache kwanza. Nenda ukawaone walimu na wafanyakazi. Shule hizi zikiwa nzuri ni kwa sababu ya watu wake, na zikiharibika huanzia hapo hapo.

Kwa waliofika Marekani karibuni: shule ya chata ni shule ya umma. Haina ada, na hairuhusiwi kumkataa mtoto kwa dini, rangi au ulemavu. Tofauti ni kwamba inaendeshwa na bodi yake kwa mkataba, na mkataba huo unaweza kukatishwa shule ikishindwa kazi. Jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya kwanza mwaka 1991, California ikafuata mwaka 1992. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa bahati nasibu. Kwa hiyo mtu akikuambia umpe chochote akutafutie nafasi, huyo ni tapeli.

Hapa kwetu inayojulikana zaidi ni High Tech High, iliyofunguliwa mwaka 2000 huko Point Loma, mahali palipokuwa kituo cha mafunzo cha wanamaji. Mkuu wake wa kwanza, Larry Rosenstock, alisomea sheria kisha akawa mwalimu wa useremala. Kwangu mimi hilo linaeleza mengi. Fundi humpa mwanagenzi mbao na randa siku ya kwanza, kisha husimama karibu. Shule ile nayo ilijengwa juu ya miradi: watoto hujifunza kwa kutengeneza kitu, hawatengwi madarasa ya wenye akili na ya wazito, na kazi zao huoneshwa hadharani. Mwaka 2004 shule ikapata kibali cha jimbo cha kuwaandaa walimu wake hadi wapate leseni, na mwaka 2007 ikafungua chuo chake cha uzamili wa ualimu. Waanzilishi walijua kwamba ufundishaji wa aina hii unamhitaji mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo hasa.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa shule yoyote ni hili: walimu wenu hukaa pamoja saa ngapi kupanga kazi? Mradi unaounganisha fizikia na historia hauwezi kutungwa na mwalimu mmoja usiku, peke yake, amechoka. High Tech High waliuweka muda huo asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia. Ukijibiwa kwamba walimu hupanga wakipata nafasi, elewa kwamba nafasi hiyo haipatikani.

Swali la pili, liulize kwa upole: walimu wengi wamefundisha hapa kwa miaka mingapi? Kazi hii inakula watu. Mwalimu wa miradi hutafuta vifaa, huwapigia simu wataalamu wa nje, hukaa na mtoto aliyekwama mpaka jioni. Walimu wa High Tech High wenyewe walianzisha chama chao cha wafanyakazi mwaka 2021, na mimi sioni ubaya wowote. Mwalimu mwenye sauti kazini ana sababu ya kubaki, na mtoto wa darasa la tisa, mwanzo wa sekondari, anahitaji kuwakuta watu wale wale akifika la kumi na mbili, la mwisho.

Kisha nenda kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi, hata kama mtoto wako bado hajajiunga. Shuleni kwa binti yangu nilisimama mbele ya chujio la maji lililotengenezwa na vijana watatu. Ukutani walikuwa wamebandika michoro yote, kuanzia ule wa kwanza uliokuwa hovyo kabisa, na pembeni maoni ya wenzao: hapa maji yatavuja, hapa andika kipimo. Nikamuuliza kijana mmoja kwa nini mkaa umewekwa chini ya mchanga. Akasita. Mwalimu wake alikuwa hatua mbili nyuma yake, amekunja mikono, na hakufungua mdomo. Kijana akafikiri, akaanza upya, akanieleza mpaka nikaelewa. Ule ukimya wa mwalimu ni ujuzi mkubwa. Mtafute mwalimu anayeweza kunyamaza namna hiyo.

Mwalimu mlezi naye mjue mapema. Katika shule nyingi za aina hii kila mtoto ana mlezi anayemfuatilia, na yeye ndiye mlango wako. Kwetu tumezoea kwamba ukiitwa shuleni kuna kosa, basi tunakwenda tumejikunja. Huku nenda bila kuitwa. Mweleze mlezi huyo mtoto wako anapenda nini, amepita kambi gani ya wakimbizi, anamsaidia nani nyumbani. Mlezi wa binti yangu aliposikia kwamba binti ndiye huwapokea wadogo zake kila jioni, alimtafutia saa ya kufanya kazi zake mchana.

Usimpite karani wa ofisini. Huyo ndiye anayejua basi gani limechelewa na mtoto gani hajala. Mwombe mkalimani, na usione haya: shule inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila malipo. Mtoto wako asigeuzwe mkalimani wa kikao kinachomzungumzia yeye mwenyewe. Nimeona ripoti mbaya ikitafsiriwa na mwenye ripoti, na mama akatoka anacheka.

Linalonisumbua zaidi kwa familia zetu ni mambo ya chuo kikuu. Ili mwanafunzi aombe vyuo vikuu vya umma vya California anatakiwa amalize kozi 15 zilizoidhinishwa, ziitwazo A hadi G. Mradi unaweza kupendeza sana na kozi yake isiwemo kwenye orodha hiyo. Muulize mshauri wa masomo tangu darasa la tisa, akuoneshe kwa maandishi ni kozi zipi zinahesabika. Mshauri mzuri atafungua orodha papo hapo na kukaa nawe. Akikwambia tutaona mbele ya safari, panga miadi nyingine, nenda na mtu anayeufahamu mfumo, na usitoke bila hiyo karatasi.

Ukiomba kutembelea, omba siku ya kawaida ya masomo, mbali na siku ya wageni, kisha ukae darasa zima mpaka kipindi kiishe.